Kipande cha Alhamisi

Vipande vilikuwa kumi na kimoja. Mbarak, ambaye ameuza vitambaa katikati ya jiji kwa miaka ishirini na hajui kuweka kitu chini bila kukinyoosha, alikuwa amevipanga juu ya kitanda cha bintiye pembe kwa pembe, na sasa alisimama kando ameshika kofia yake mkononi. Kila kipande kilikatwa kwa mkasi kutoka gazeti la Jicho la Jiji. Kila kipande kilikuwa na uso wa Muema, yule mwimbaji kijana wa Loresho aliyejitoa uhai majuma mawili yaliyopita.

"Ulivipata wapi?" Inspekta Nthenya Musembi aliuliza.

"Juu ya kabati. Vimefungwa kwa kitambaa cheupe, kimefukizwa udi. Mtu huweka hivyo kitu anachokipenda sana, Inspekta."

Safa alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha nne, mtoto wa pekee. Aliondoka nyumbani hapo mtaani Jamhuri saa tatu asubuhi akasema anakwenda kwa rafiki. Simu yake ilizimwa saa nne na nusu. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri ya Jumamosi, katikati ya Ramadhani, na msichana hakuwa amerudi wala kutuma neno.

Nthenya alivipiga picha vipande kimoja kimoja, akavitia katika bahasha ya ushahidi, akaandika saa mgongoni. Hakupenda alichokiona hata kidogo. Tangu Muema azikwe, kituo chake peke yake kilikuwa kimepokea vijana wanne waliojaribu kujidhuru. Wote waliokolewa, mmoja wao kwa bahati tu ya jirani aliyekwenda kuomba chumvi. Wawili kati yao walikutwa na gazeti hilohilo.

"Safa alipenda nyimbo za huyu kijana?"

"Sijawahi kumsikia akiziimba. Lakini mzazi wa siku hizi anasikia nini? Wanavaa vile vitu masikioni."

"Amekuwa na huzuni?"

"Amekuwa kimya. Nilidhani ni saumu."

"Mamake yuko wapi?"

"Mombasa, kwa dadake aliyejifungua. Hapa tumebaki mimi, Safa na mama yangu."

"Na mama yako amesema nini kuhusu hivi vipande?"

Mbarak alitupa jicho mlangoni, kisha akashusha sauti. "Hajaviona. Ana presha. Nimemwambia Safa yuko maktaba. Akijua, nitakuwa na misiba miwili nyumba moja."

Nthenya alikubali. Ilikuwa huruma, na wala si huruma mbaya, lakini kuna maswali ambayo ajuza aliyeketi sebuleni akichambua mchele angeyajibu kwa nusu dakika. Badala yake Inspekta alishuka ngazi kwa unyenyekevu, akamwamkia ajuza huyo, Bi Mishi, shikamoo, akajibiwa marahaba mwanangu, akatoka nje na bahasha yake kwapani.

Nje ya lango alisimama Zadock Oduor.

Kila polisi wa upande ule wa jiji alimjua Zadock, mwandishi wa habari za uhalifu wa Jicho la Jiji, mwenye mkoba wa ngozi na viatu visivyoona vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo iliyokuwa shida yake. Mtu mbaya ungemfukuza ukalala salama.

"Niaje, Inspekta. Ni wa pili baada ya Muema, ama?"

"Nani amekuambia?"

"Huyo mzee ameweka picha ya msichana kwa grupu ya mtaa. Kuna watu mia tatu hapo. Nikose kujua aje?" Akamgeuzia simu. Ukurasa wa mbele wa kesho ulikuwa tayari umepangwa: picha ya Safa akicheka, na juu yake, kwa herufi nene, WA PILI? "Tunafunga saa kumi na mbili jioni. Nikipata neno lako mapema nitaandika vizuri."

"Ingia gari."

"Nimeshikwa?"

"Bado. Lakini nikikuacha hapa utagonga mlango wa mama mwenye presha. Ingia."

Zadock aliingia, tena kwa furaha, maana mwandishi aliyealikwa kwenye gari la polisi huona siku yake imefunguka.

Walikwenda Loresho, kwa sababu ndiko gazeti lilikowafundisha vijana kwenda. Kwa siku kumi na mbili mfululizo Zadock alikuwa ameandika kila alichokipata: chumba, njia, saa, maneno ya mwisho. Siku ya tatu walichora hata ramani yenye mshale. Siku ya tano walimwita Muema "nyota iliyochagua kupumzika", na tangu hapo ukuta wa nje ya nyumba ile haukukauka mishumaa. Walipofika, wasichana saba na wavulana wawili walikuwa wameketi kwenye nyasi wakisikiliza nyimbo zake kwa simu moja. Safa hakuwamo. Nthenya alishuka akawasalimu mmoja mmoja, akawauliza majina na kama kuna mtu nyumbani anayejua waliko. Akampigia simu koplo wake aje awafikishe makwao kwa gari, bila kelele.

Kisha akamwendea mlinzi wa lango la jirani, mzee mmoja anayeitwa Muthama, akamwonyesha picha.

"Huyu wa hijabu? Huyu nimemuona, madam. Jumamosi iliyopita."

"Leo je?"

"Leo hapana. Mimi niko hapa tangu asubuhi, hata chai nimeletewa."

"Hiyo Jumamosi alikuwa analia?"

"Nani, huyu? Huyu hakulia hata tone. Mwenye alikuwa analia ni mwenzake, yule msichana wa rasta za uzi mwekundu. Sasa huyu wa hijabu alikuwa anamvuta mkono hivi. 'Twende, Ivyne. Twende nyumbani.' Akamvuta mpaka wakaenda."

"Una hakika na hilo jina?"

"Ivyne. Binti yangu pia ni Ivyne, ndio maana niligeuka."

Nthenya alirudi garini akafunga mlango bila kuwasha injini. Msichana aliyedhaniwa amepoteza akili kwa ajili ya Muema hakuja kumpigia Muema magoti. Alikuja kumtoa mwingine. Akaifungua bahasha akavitandaza vile vipande juu ya dashibodi, na safari hii akavitazama kama anayeviona mara ya kwanza.

Mkasi ulikuwa mkatili. Kwenye kipande kimoja ulikuwa umekata sikio la Muema. Kwenye kingine, kichwa cha habari kilianza katikati ya neno. Kwenye cha tatu uso wake ulikuwa nusu, na safu nzima ya maandishi ilipasuliwa kutoka juu hadi chini.

"Zadock, ukimpenda mtu, utamkata sikio?"

"Ni msichana tu. Labda mkasi ni butu."

"Mkasi si butu. Angalia mistari, imenyooka kama imepigwa rula." Alikigeuza kipande cha kwanza. Akageuza cha pili. Akageuza vyote kumi na kimoja.

Upande wa nyuma hakuna kilichopunguka. Ulikuwa ukurasa wa nne wa gazeti, na kila siku ya Ramadhani ukurasa wa nne ulikuwa na kisanduku kimoja: saa za daku na futari, na chini yake aya ya siku kwa maandishi ya Kiarabu. Mkasi ulikuwa umeuzunguka mpaka wa kisanduku kile kwa uangalifu wote, hata pambo la pembeni halikuguswa. Mbarak aliona uso wa marehemu akaishia hapo hapo. Naye Nthenya, pamoja na miaka kumi na sita ya upelelezi, alikuwa amepiga picha upande mmoja tu! Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuja na pumzi ya kwanza nzuri aliyoivuta tangu saa tisa.

Akampigia Mbarak. "Mpe mama simu."

"Inspekta, tulikubaliana..."

"Mpe simu, ndugu yangu."

Bi Mishi hakuhitaji kuulizwa mara mbili. "Hizo ni zangu, mwanangu. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani wala haifungiwi samaki. Twaikata, twaiweka juu mahali safi, na mwezi ukiisha twaichoma kwa heshima na majivu twayazika. Macho yangu hayauoni mkasi tena, ndipo nikampa Safa hiyo kazi. Udi niliufukiza mimi."

"Na upande wa pili, Bi Mishi? Kuna picha ya kijana aliyefariki."

"Yule maskini? Mimi huo upande siusomi." Sauti ikabadilika. "Kwani Safa hayuko maktaba?"

Nthenya aliangalia paa la gari. "Hatujui aliko. Tunamtafuta."

Inspekta alijiandaa kusikia kishindo cha mtu kuanguka. Alichosikia ni mfyonzo.

"Basi ungeniuliza pale uliponiamkia. Mtoto ameondoka na futari ya watu wawili, nimemfungia kwa mkono wangu. Sambusa nane, chupa ya uji, na tende kumi na nne. Saba zake, saba za mwenziwe."

"Mwenziwe yupi?"

"Hakuniambia, nami sikumbana. Lakini magazeti yenyewe hatununui. Hutupa Mama Ivyne wa saluni, pale Dagoretti Corner, wateja wakishayasoma. Safa huenda kuyachukua. Jana kaleta ya wiki yote, nikapapasa nikahesabu, moja pungufu. Aya ya Alhamisi haikuwemo. Nikamuuliza. Akanambia, 'Nyanya, hiyo nimempa mtu anayeihitaji zaidi.'"

Nthenya alishukuru, akakata simu, akawasha gari. Mtu anayefunga tende saba kwa saba anatarajia kuliona jua likizama. Haikuwa hoja ya kupeleka mahakamani, na alishawahi kuona watu wakipanga kesho asubuhi huku wameshaamua ya leo jioni. Lakini hofu yake kwa Safa ilipungua nusu. Nusu nyingine ilihamia kwa msichana mwingine.

Saluni ya Mama Ivyne ilikuwa ghorofa ya chini, kati ya duka la dawa na fundi wa viatu. Milcah, ndiye Mama Ivyne mwenyewe, alikuwa anasuka kichwa cha mteja na hakuinua macho.

"Karibu, madam. Ngoja nimalize huyu."

"Mimi ni Inspekta Nthenya. Namtafuta Safa. Ivyne yuko wapi?"

Vidole vya Milcah vilisimama. "Si Ivyne ako kwao Safa? Aliniambia wanasoma hesabu huko Jamhuri, ati watamaliza jioni."

"Hayuko Jamhuri."

Milcah aliketi kwenye kiti cha wateja, chanuo bado mkononi. Nthenya alichutama mbele yake ili wawe macho kwa macho.

"Mama Ivyne, nitakuuliza wazi, na unijibu wazi. Ivyne amekuwaje tangu Muema afariki?"

"Halali. Chakula anaguza tu. Babake alituacha mwaka jana, alipata ajali huko Busia, na hizo nyimbo za Muema ndizo alikuwa anasikiza. Nilidhani itapita. Mimi mwenyewe ndio nanunua hilo gazeti kila siku, wateja wanalipenda." Akaitazama meza ndogo yenye majarida. "Ni mimi nilikuwa namletea."

"Hukujua. Jana Safa alipokuja, uliona nini?"

"Waliongea hapo nje, polepole. Safa alikata kitu kwa gazeti na mkasi wangu, kidogo tu, akampa. Ivyne akaweka nyuma ya simu yake, ndani ya kava. Nikafikiri ni vitu vya dini yao, lakini sisi ni watu wa kanisa, Ivyne hata hawezi kusoma hiyo Kiarabu."

Nthenya alisimama taratibu. Hapo ndipo palikuwa na fundo. Kama Ivyne hafungi wala hasomi Kiarabu, basi hakupewa kipande cha Alhamisi kwa ajili ya aya. Alipewa kwa ajili ya upande wa mbele.

"Zadock. Alhamisi uliandika nini?"

Zadock alikuwa amesimama mlangoni.

"Alhamisi ilikuwa barua," alisema. "Barua ya Muema kwa mashabiki. Tuliiweka yote, neno kwa neno."

Milcah alishika kifua. Barua ile Nthenya alishaiona ndani ya mfuko wa mmoja wa wale vijana wanne.

"Iko hapo?"

Zadock alifungua mkoba wa ngozi. Alikuwa na faili ndani yake, na ndani ya faili, kazi zake zote kumi na mbili, kila moja imekatwa na kuhifadhiwa kwenye karatasi ya nailoni. Hata yeye alikuwa na mkasi wake na kitambaa chake cheupe. Alitoa ukurasa wa Alhamisi akaukabidhi bila kumtazama mama wa Ivyne.

Barua ilijaa ukurasa. Nthenya hakuisoma. Alitazama karatasi yenyewe, kisha akaiweka juu ya ukurasa wa Ijumaa kutoka faili ileile, akailinganisha.

"Yako ni fupi. Chini hapa pamekatwa, upana wa vidole vitatu. Kulikuwa na nini?"

"Hapo chini? Hiyo haikuwa yangu. Kisanduku tu, mistari minne mitano. Msanifu kurasa ndiye alikiweka, nilikasirika hata, kilikula mwisho wa stori. Nilikitoa kwa faili ndio ikae safi."

"Kilisema nini?"

"Sikukisoma, Inspekta."

"Mpigie huyo msanifu. Sasa hivi. Weka sauti tusikie sote."

Msanifu aliitwa Hafiz, na simu ilipokewa mlio wa pili. Zadock hakupata hata nafasi ya salamu. Nthenya aliichukua simu akajitambulisha, akauliza.

"Nakikumbuka, Inspekta," Hafiz alisema. "Nilikiandika mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa anasoma hizo habari kila asubuhi, nikaogopa. Nikasema leo hawatatoa barua kama ile bila neno moja la kumsaidia mtu. Ngoja nifungue ukurasa." Vibonyezo vilisikika. "'Umechoka na maisha? Hauko peke yako, na uchovu huu hupita. Njoo tuzungumze, bila malipo, bila kuulizwa dini wala kabila. Kliniki ya vijana, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, ghorofa ya pili. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.' Halafu nambari ya simu."

"Saa nne," Nthenya alisema. Simu ya Safa ilizimwa saa nne na nusu. "Ipigie hiyo nambari, Hafiz."

"Inaita tu, Inspekta. Nimejaribu leo mara mbili, nilikuwa nauliza kwa ajili ya mdogo wangu. Hawashiki. Nafikiri wamezidiwa."

Waliingia Ngong Road saa kumi na moja kasoro, Milcah mbele na chanuo lake mkononi, Zadock nyuma. Walipofika Adams Arcade, Milcah, bila kugeuka, akauliza, "Wewe ndiye unaandikanga?"

"Ndio, mama."

"Unaandikanga vizuri. Hiyo ndiyo shida."

Magari yalikuwa mengi, jiji zima lilikuwa linarudi kutoka sokoni, na Nthenya alilazimika kupiga king'ora mara tatu. Saa kumi na moja na dakika arobaini aliegesha mbele ya duka la mabegi, wakapanda ngazi nyembamba zenye harufu ya dawa ya kufulia.

Ghorofa ya pili ilikuwa na mlango uliofunguliwa, na kando ya mlango kikapu kikubwa cha ukindu kilichojaa simu. Zote zilikuwa zimezimwa. Tangazo la mkono lilisema: ACHA SIMU HAPA, TUTAKUSIKILIZA WEWE. Ndani, kwenye mabenchi, kwenye sakafu, kwenye dirisha, vijana walikuwa wameketi, wengine na mama zao, wengine na rafiki, mmoja na mpira wa kikapu mapajani. Hakuna aliyekuwa akilia. Wawili walikuwa wakicheza drafti.

Safa alikuwa kwenye benchi la mwisho, mfuko wa futari miguuni. Begani mwake alikuwa amelala msichana wa rasta za uzi mwekundu, mdomo wazi, usingizi wa mtu ambaye hajalala kwa wiki mbili.

Milcah hakupiga kelele. Alikwenda akapiga magoti, akamshika bintiye uso kwa mikono miwili, naye Ivyne akafumbua macho, akamtazama, akasema, "Mum, samahani nilikudanganya," kisha wote wawili wakashikana, na chanuo likaanguka chini. Nthenya aligeukia ukuta. Vumbi la mjini, angesema kama angeulizwa, lakini hakuna aliyemuuliza, na machozi yalikuwa ya furaha tupu.

Mshauri wa kliniki, mwanamke mfupi mwenye miwani aitwaye Nabiha, alitoka chumba cha ndani. "Wewe ni polisi? Usiwagombeze. Ivyne nimezungumza naye kwa muda wa saa mbili. Daktari amemwona pia, na mwenyewe amekubali tumwite mamake. Nilikuwa ndiyo nakuja kuchukua nambari." Akafuta miwani. "Zamani kwa Jumamosi tulipata vijana wanne. Leo ni wa thelathini na nne huyu. Wote wanasema wameona gazetini."

"Waliona barua," Zadock alisema kwa sauti ndogo.

"Wengine barua. Wengine kile kisanduku. Nawe ndiwe uliyekiandika?"

Zadock alitikisa kichwa. "Hapana. Mimi nilikitoa kwa faili yangu."

Nthenya aliketi kando ya Safa. Kazi ilibidi ikamilike, hata ikiwa kwa moyo mweupe. "Baba yako ana hali mbaya. Kwa nini hukusema?"

"Nilimwahidi. Alisema atakuja nisipomwambia mtu. Hata mama yake." Msichana alikuwa na midomo mikavu ya saumu na macho matulivu. "Nilidhani tutamaliza saa sita, kisha tufuturu kwao jioni. Sikujua kuna foleni. Na simu iko kikapuni."

"Ahadi ya namna hiyo usiitoe tena. Mtu mzima mmoja lazima ajue, siku zote. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Inspekta."

"Na ulijuaje kwamba Ivyne yuko hatarini?"

"Nilipokuwa nakata aya za nyanya, niliona kwenye kila gazeti mtu amepiga mstari kwa kalamu chini ya neno 'kupumzika'. Kila siku, wino uleule wa kijani. Ivyne ndiye mwenye kalamu ya kijani. Basi nikamuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Ivyne ndiye aliyejibu, kichwa kikiwa bado kifuani mwa mamake. "Aliniuliza direct. 'Ivyne, unafikiria kujiua?' Hivyo tu. Wiki mbili kila mtu ananiambia nikule, nilale, niombe. Kwa gazeti ilikuwa ni kama Muema ameshinda kitu, ati amepumzika, na mimi nilikuwa nimechoka pia. Sasa huyu akaniuliza, nikasema ndio, na ikawa ni kama mtu amenitua mzigo."

Mstari wa kijani! Nthenya aliitoa bahasha akavigeuza vipande kwenye mwanga. Ulikuwepo, mwembamba, kwenye vitatu kati ya kumi na kimoja. Kwenye vingine mkasi ulikuwa umepita juu yake. Alikuwa amevitazama pande zote mbili na bado hakuuona. Akavirudisha bahashani, akampigia Mbarak. Kilichotoka upande wa pili hakikuwa maneno, ni pumzi tu na takbira, na nyuma yake sauti ya Bi Mishi ikidai apewe simu.

Zadock alikuwa kwenye ngazi, simu yake mwenyewe sikioni. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

"Itoe," alikuwa anasema. "Picha, kichwa, yote. Hapana, hakuna wa pili. Nimesema hakuna! Jina la msichana lisionekane popote. Sikiza, mpe Hafiz ukurasa wa tatu. Wote, si vidole vitatu. Atajua cha kuweka." Akasikiliza. "Basi waniachishe." Akakata, akamwona Nthenya, akajaribu kutabasamu. "Labda kesho nitakuwa natafuta kazi, Inspekta."

"Labda. Nabiha anahitaji mtu wa kushika simu."

Kwenye benchi, Safa alikuwa akifungua mfuko kupanga futari, maana wangeadhiniwa wakiwa papo hapo. Ivyne alichukua simu yake kikapuni, akabandua kava, akatoa kipande kidogo cha gazeti kilichokunjwa mara moja. Mbele kilikuwa na mistari ya Hafiz. Nyuma kilikuwa na nusu ya aya.

"Safa aliniambia nyanya yake anahesabu," alimwambia Nthenya kwa haya. "Mpelekee. Nambari nimeishika kwa kichwa, lakini... nilikuwa nataka kukaa nayo kidogo."

Simu ya Inspekta ilikuwa bado wazi, na Bi Mishi alikuwa amesikia kila neno.

"Kumi na moja nirudishie, Inspekta, hizo ni zangu," alisema. "Hiyo moja mwambie mwanangu asiitoe hapo ilipo. Karatasi ile si ya kutupwa, na haikutupwa. Iko mahali pa heshima. Sasa muulize, anapenda sambusa ya nyama au ya dengu?"